Kuitambua Sauti ya Mungu Ndani Yako na kwa Mwenzako: Mwongozo wa Njia ya Marafiki

Mtu anayetaka kujua kama Mungu anasema naye kwa kawaida huulizia ishara: ndoto, mwili kutetemeka, maneno yanayomshukia ghafla. Ishara hizo zipo, na hatuzidharau. Lakini nguvu ya hisia haikuambii hisia hiyo imetoka wapi. Hofu ina nguvu, tamaa vilevile, na hasira hupaza sauti kuliko zote. Kwa hiyo kazi ni mbili: kunyamaza kiasi cha kusikia, halafu kupima kilichosikika. Na kupima huko hakumalizwi na mtu mmoja.

Njia tunayoieleza hapa ni ya Marafiki, wanaojulikana pia kwa jina la Quaker. Ilianza Uingereza katikati ya karne ya 17 kwa George Fox na wenzake, waliofundisha kwamba kila mtu, awe askofu au mchunga kondoo, amewekewa nuru ya Kristo ndani yake na anaweza kuongozwa nayo moja kwa moja. Mwaka 1902 wamisionari watatu kutoka Marekani waliifikisha Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo Kenya ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ibada nyingi za huko zina mchungaji, kwaya na mahubiri kama makanisa ya jirani, na ukimya hupewa nafasi ndogo. Huenda hata aliyekulia katika kanisa hilo hajawahi kuonyeshwa hatua hizi moja baada ya nyingine. Asiye Rafiki anaweza kuzitumia pia bila kuhama kanisa lake.

ANZA PEKE YAKO

Tenga dakika 20 kila siku, wakati uleule. Alfajiri kabla ya watu kuamka hufaa wengi. Simu izime kabisa au iache chumba kingine. Ukiilaza tu kifudifudi mbele yako, masikio yataendelea kuingoja. Keti kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili sakafuni, mikono mapajani. Ukilala utasinzia, na ukipiga magoti kwa dakika 20 utakuwa unasikiliza magoti.

Dakika tano za mwanzo ni kelele tupu: ada ya shule, ujumbe ambao hukuujibu, maharage uliyoyaloweka jana. Usipigane nazo. Weka karatasi na kalamu karibu, na jambo linalong'ang'ania liandike kwa neno moja, "ada", kisha urudi kwenye pumzi yako au kwenye neno fupi ulilolichagua. Ukipotea mara kumi, rudi mara kumi. Kule kurudi ndiyo mazoezi yenyewe, na asiyelijua hilo huacha wiki ya kwanza akidhani hana kipawa.

Usiombe mahitaji katika muda huu. Maombi ya kuomba yana saa yake, hapa unangoja. Kama una swali, liulize mara moja mwanzoni kwa maneno yako ya kila siku, kisha uliache.

Ukimaliza, andika mistari miwili au mitatu kwenye daftari: tarehe, kilichorudi mara kwa mara, na jinsi mwili ulivyokuwa. Siku nyingi utaandika "hakuna". Andika hivyohivyo. Baada ya wiki sita soma kurasa zote kwa mkupuo mmoja. Jambo uliloliona dogo kila siku unaweza kulikuta limejirudia toka mwanzo hadi mwisho, na lile lililokuwasha moto Jumanne utalikuta limetoweka kufikia Alhamisi. Bila daftari huwezi kuliona hilo, kwa sababu kumbukumbu hupenda yale yenye kishindo.

VIPIMO

Kipimo cha kwanza ni muda. Mwito wa Mungu huvumilia kusubiri. Hamu na woga husema "leo hii, kabla hujabadili nia". (Dharura halisi ni habari nyingine. Mtoto akizama, unaingia majini.) Mfano mzuri ni John Woolman, karani kijana wa dukani huko Mount Holly, New Jersey, miaka ya 1740. Bosi wake alimwagiza aandike hati ya kumuuza mwanamke Mweusi aliyekuwa mtumwa wake. Mnunuzi alikuwa mzee, tena Rafiki mwenzao. Woolman aliandika, huku akiwaambia wote wawili kwamba anaamini utumwa haupatani na dini ya Kristo. Hakuona maono. Alichopata ni kukosa amani moyoni, na hali hiyo haikuisha hati ilipokwisha kusainiwa. Alipoombwa tena kuandika hati za namna hiyo alikataa. Akaendelea kutembelea Marafiki waliokuwa na watumwa, nyumba kwa nyumba, akizungumza nao kwa upole. Mwaka 1758 Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, yaani chombo kikuu cha Marafiki wa eneo hilo, ulimteua na wengine kuifanya kazi hiyo rasmi, na mwaka 1776, yeye akiwa ameshafariki, mkutano huo ukapiga marufuku washirika kumiliki watumwa. Huo usumbufu mdogo unaorudi baada ya kila kisingizio, uchunguze kuliko ndoto.

Kipimo cha pili: mzigo umewekwa kwa nani? Mara nyingi sauti ya kweli humpa msikiaji kazi ya kufanya yeye mwenyewe. Mtu akija na neno la "Mungu ameniambia wewe unioe", "utoe shamba", "umfukuze shemeji yako", mwambie kwa heshima kwamba Mungu anajua pia njia ya kukufikia wewe, na utangoja.

Cha tatu ndicho kinachosaidia wengi, nacho ni namna sauti inavyokemea. Ndani yetu kuna sauti nyingine zilizohifadhiwa tangu utotoni: ya mama, ya mwalimu mkali, ya mhubiri wa kijijini. Zikiamka hujivika mamlaka ya Mungu. Utazitambua kwa kuwa zinamshambulia mtu mzima na hazimpi pa kwenda: "Wewe hufai. Siku zote umekuwa hivi." Sauti ya Mungu inapokemea hutaja jambo moja na hatua moja: "Ulimdanganya Amina kuhusu zile fedha, nenda ukamwambie." Ya kwanza hukuacha umelala kitandani. Ya pili inauma pia, pengine zaidi, lakini unaamka unajua pa kuanzia.

Cha nne, matunda. Waraka kwa Wagalatia unayataja tisa: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Usijipe alama mwenyewe. Waulize mnaoishi nao nyumba moja kama tangu uanze kulifuata jambo hilo umekuwa mpole zaidi au mkali zaidi. Wao ndio wanaokuona unapotafuta funguo zilizopotea.

Jihadhari na kosa la watu wa dini la kudhani kwamba jambo chungu ndilo la Mungu siku zote. Wapo wanaokataa kazi nzuri, mchumba mwema au mapumziko kwa sababu tu wanavitaka. Ukitamani kitu, kipime kwa vipimo hivihivi. Kutamani peke yake hakukifanyi kuwa kibaya.

Na kuna hali isiyohitaji upambanuzi wa kiroho kwanza. Mtu akisikia sauti kwa masikio inayomwamuru ajidhuru au adhuru mwingine, au akikosa usingizi siku kadhaa mfululizo huku akisema amepewa kazi kubwa ya siri, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani. Kumwombea ni vizuri na kunaweza kuendelea akiwa kwenye matibabu. Kumfungia kwenye kituo cha maombi na kumnyima dawa ni kumwongezea hatari.

KWA NINI HUPIMI PEKE YAKO

Oktoba 1656 James Nayler, mhubiri aliyependwa sana miongoni mwa Marafiki wa kwanza, aliingia mji wa Bristol juu ya farasi huku wafuasi wakimwimbia "Mtakatifu, Mtakatifu", kama Yesu alivyoingia Yerusalemu. Yeye aliona anatii sauti ya kutoa ishara. Bunge la Uingereza liliona kufuru: alichapwa viboko, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto, akapigwa chapa ya herufi B ("blasphemer", yaani mkufuru) kwenye paji la uso, kisha akafungwa. Adhabu ilikuwa ya kikatili. Lakini Marafiki walijifunza kwamba mtu mnyofu, mwenye kipawa, aliyezungukwa na wanaomsifu tu, anaweza kupotea kabisa. Tangu hapo walizidi kusisitiza kwamba mwito wa mmoja upelekwe mbele ya wenzake kabla haujatendwa.

Kikundi nacho hukosea, kwa upande wa pili. Mwaka 1927 uamsho ulizuka kati ya Marafiki wa Kaimosi: watu wakakiri dhambi hadharani, wakanena kwa lugha, wakaona maono. Uongozi ulipiga marufuku, na waliokataa kuacha wakatengwa. Kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho Mtakatifu ambayo yapo mpaka leo magharibi mwa Kenya. Kwa maoni yetu, amri ilitangulia pale palipohitajika vikao vya kusikilizana kwa miezi, na mpasuko huo ndio bei yake.

KUKETI KIMYA PAMOJA

Watu watano hadi kumi na wawili wanatosha kuanzia. Panga viti kwa duara ili pasiwepo mbele na nyuma. Mkutano huanza mtu wa kwanza anapoketi, wala si mtu fulani anapofungua, kwa hiyo salamu na habari za nyumbani zimalizwe nje. Muda wa kawaida ni saa moja. Kikundi kipya kianze na dakika 30. Teueni wazee wawili: kazi yao ni kutulia kabla ya wengine, kuangalia saa, na kufunga kwa kupeana mikono na walio karibu nao. Kila mtu naye humpa mkono jirani yake, na ibada imekwisha.

Katikati ya ukimya mtu anaweza kusukumwa kusema. Kabla hujasimama, jiulize mambo matatu. Je, neno hili ni la mkutano au ni langu peke yangu? (La kwako liandike kwenye daftari.) Je, ni la sasa, au nililiandaa nyumbani? Je, nikinyamaza litaniachia? Likiachia, liache liende. Lisipoachia, moyo ukaanza kudunda na ukimya ukawa mzito, simama, sema kwa dakika mbili au tatu, keti. Usirudie, usiombe radhi mwanzoni, usieleze mwishoni ulichomaanisha. Mtu asiseme mara mbili katika ibada moja.

Baada ya neno la mtu, acheni dakika tano kamili kabla ya mwingine kusimama. Sheria hii ikivunjwa kila kitu huharibika: wa pili hujibu la wa kwanza, wa tatu humsahihisha wa pili, na baada ya robo saa mko kwenye mjadala. Ikitokea, mzee asimame, aseme tu, "Marafiki, turudi kwenye ukimya," na akae.

Kwa waliozoea sifa na ngoma, ukimya wa mwanzo huonekana kama msiba. Anzeni na wimbo mmoja, na muupunguze muda unavyokwenda. Watoto wakae robo saa ya kwanza, kisha watoke na mtu wa kuwaangalia.

KIKAO CHA KUPAMBANUA

Hiki ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote tulivyotaja, na ndicho kinachoharibiwa kwa urahisi zaidi. Kilianza kama kamati ya kuangalia kama wachumba wako huru na tayari kuoana. Kuanzia miaka ya 1960 Marafiki wa Marekani walikipanua kwa maamuzi mengine: kazi, kuhama, mwito wa utumishi.

Mwenye jambo huchagua watu wanne au watano anaowaamini, wasiofanana mawazo, na wasiopata faida wala hasara kwa uamuzi wake. Mume, mke na mwajiri hawafai hapa hata wawe wema vipi. Wiki moja kabla, anawaandikia barua ya ukurasa mmoja au miwili: jambo lenyewe, historia yake, na anachokiona mbele. Kuandika tu huondoa nusu ya ukungu. Mmoja kati yao ni karani, anayelinda kanuni, na mwingine huandika maswali yanayoulizwa ili mwenye jambo aondoke nayo. Tengeni saa mbili na nusu hadi tatu, mahali ambapo hakuna anayebisha hodi. Chai iwe kabla au baada.

Mnaanza na ukimya wa dakika kumi. Mwenye jambo analieleza kwa robo saa. Kisha inakuja kanuni moja isiyo na msamaha: wengine wote wanauliza maswali tu, yaliyo ya kweli. Hakuna ushauri, hakuna "mimi nilipokuwa na tatizo kama hilo", hakuna aya ya Biblia ya kumwelekeza, hakuna kumsifu. Akilia, hamkimbilii kumtuliza, mnangoja naye.

Tuseme mwalimu wa sekondari anahisi kuitwa aache kazi ya serikali akafungue kituo cha watoto wanaoishi mtaani. "Umefikiria pensheni yako?" ni ushauri uliovaa alama ya kuuliza. Ndivyo ilivyo pia kwa "Huoni ungeanza na Jumamosi tu?" Kipimo ni rahisi: kama unajua jibu unalotaka kusikia, usiulize. Maswali ya kweli yangekuwa haya:

"Kwenye barua umeandika neno 'lazima' mara tatu. Nani anayesema lazima?"

"Wazo hili lilikuwepo kabla hujakosana na mkuu wa shule?"

"Ukijiona umebaki darasani miaka kumi ijayo, mwili wako unafanya nini?"

"Nani ungependa asijue kwamba tumeketi hapa?"

Swali liwe fupi, sentensi moja. Baada ya jibu, hesabu pumzi kadhaa kabla ya kuuliza lingine. Swali linalofuata haraka humnyima mtu nafasi ya kusikia alichotoka kusema. Mwenye jambo ana haki ya kusema "hilo sitalijibu". Mara nyingi linaloshtua halitoki kwa waulizaji: mtu hujisikia akijibu jambo ambalo hajawahi kulisema, akanyamaza. Hapo nyamazeni naye.

Zikibaki dakika 20, karani anamuuliza kama anapenda kurudishiwa kilichoonekana. Akikubali, wenzake wanasema walichokiona kwa macho, bila tafsiri: "Ulipotaja watoto uliketi wima. Ulipotaja ufadhili ulishika shingo." Hakuna kura, hakuna hukumu. Mnafunga kwa ukimya.

Kilichosemwa kinabaki pale. Siri hii ni kali kuliko ile ya kawaida: hata mwenye jambo mwenyewe hamtamfuata kesho kumuuliza "umeamua nini?" isipokuwa aanzishe yeye. Katika vijiji na mitaa ambako kila mtu ana binamu wa kila mtu, vikao hufa kwa kosa hili kuliko jingine lolote, kwa hiyo karani alitamke mwanzoni na mwishoni.

KUMSIKIA MUNGU KWA MWENZAKO

Mwaka 1763 Woolman alisafiri hadi Wyalusing, kijiji cha Wenyeji wa Marekani kando ya mto Susquehanna, wakati wa vita. Wafasiri walipotatizika, aliomba aachwe asali kwa Kiingereza bila kufasiriwa. Kiongozi wao Papunehang, ambaye hakuielewa lugha ile, alisema baadaye kwamba yeye hupenda kuhisi maneno yanatoka wapi. Huko ndiko kusikiliza tunakokuzungumzia: chini ya maneno ya mtu, hasa maneno yasiyokupendeza.

Jifunzeni wawili wawili. Mmoja anasema kwa dakika tano juu ya jambo analolijali, mwingine anamtazama na kunyamaza, bila "eeh", bila kutikisa kichwa kumharakisha. Saa ikilia, msikilizaji anasema mambo mawili tu: alichosikia, na mahali alipohisi msemaji anasema kutoka ndani kabisa. Msemaji anamsahihisha. Kisha mnabadilishana. Wanaoanza hushindwa dakika ya pili, wanapoanza kuandaa jibu. Ukijigundua, rudi kwake kama unavyorudi kwenye pumzi alfajiri.

Zoezi la namna hii linatumika pia katika warsha za kuepuka ukatili zilizoanza mwaka 1975 gerezani Green Haven, jimbo la New York, wafungwa walipoomba msaada wa Marafiki, na ambazo baadaye zilifika Rwanda, Burundi na Kenya. Huko zimewakalisha pamoja watu waliotoka pande zilizouana.

Kwa ugomvi wenu wa kawaida, wa mpaka wa shamba au wa urithi, msianze na mpaka. Kila upande upewe dakika tano za kueleza shamba hilo lina maana gani kwake, na upande wa pili urudie hadi aliyesema akubali kwamba amesikika. Wakati mwingine inachukua majaribio matatu. Mtu akikuambia "hapana, sikusema hivyo", usijitetee. Mwombe aseme tena. Ukishindwa kabisa kuona chochote cha Mungu kwake, jiulize ni kitu gani anakilinda kwa ukali wote ule. Kwa kawaida ni kaburi la baba, heshima ya mama mjane, au chakula cha watoto, na juu ya hicho mnaweza kuzungumza.

Kama mmoja amewahi kumpiga au kumtishia mwenzake, msiwakalishe ana kwa ana. Kila mmoja asikilizwe peke yake na watu wawili, na mwenye kutishiwa ndiye aamue kama kutakuwa na kikao cha pamoja, mahali gani, na nani akae karibu na mlango.